Miwani Niliyoitia Saini

Yule mama aliingia karakana saa tatu asubuhi bila kupiga hodi. Alipita katikati ya ngao na beji tulizokuwa tumezipanga sakafuni, akasimama mbele yangu na kuniuliza kama mimi ndiye Digrii, jina nililopewa hapo karakana.

Sikuwa nimewahi kumwona. Nikamwambia ndiye mimi, karibu kiti.

Hakukaa. Alifungua mfuko wa plastiki, akatoa miwani ya kinga yenye vioo vya kijani, akaigeuza ubavu ili nisome stika iliyobandikwa kwenye mkono wa miwani.

Stika ilikuwa yangu. "Imepimwa. Ni salama." Chini yake saini yangu, ile ndefu yenye mkia niliyoibuni nikiwa mwaka wa kwanza chuoni.

"Wewe ndiye uliyeandika haya?"

Nikasema ndiyo. Na sitawaficha, nilisema kwa fahari.

Kwa aliyepitwa na simulizi yangu ya wiki iliyopita, nirudi nyuma hatua moja. Nilihitimu fizikia, nikakaa nyumbani mwaka mzima na vyeti vyangu ndani ya bahasha, mpaka mama yangu mdogo, aliyenilea tangu mama alipofariki, aliponiombea nafasi kwa mwajiri wake tunayemwita Tajiri. Mama mdogo ndiye anayeendesha mashine ya leza. Anachonga maandishi kwenye ngao za washindi, beji na vibati vya milangoni. Tajiri akaleta boksi la miwani ya bei rahisi, akaniambia nipime kama kweli inakinga macho. Nikapima. Nikaandika stika. Siku hiyo Mama mdogo alinipigia makofi mbele ya wateja, akasema hatimaye ile bahasha imezaa.

Sikuwaambia nilipimaje. Leo nitawaambia, na mnihukumu mtakavyo.

Yule mama alisema mume wake ni fundi wa kuchonga kama sisi, ana kikarakana chake mtaa wa nyuma ya stoo za mbao. Kazi zikituzidi, Tajiri humpelekea yeye na mafundi wengine wawili. Boksi lilipokwisha kupimwa, akawagawia miwani pia, ikiwa tayari na stika yangu. Mimi sikujua.

"Tangu mwezi uliopita," alisema, "nikikaa mbele yake anaona masikio yangu. Anaona nywele. Kidevu anakiona. Uso wangu haupo. Jicho moja hilo. Anasema katikati pametoboka."

Nikajitetea. Nilimwambia huenda mzee aliivua kidogo, watu huivua wakiona joto.

"Aivue? Mdogo wangu, anaenda nayo mpaka msalani. Watoto nyumbani wanamwita Nzi."

Mama mdogo, aliyekuwa ameinama kwenye mashine upande wa pili wa chumba, akacheka kidogo. Kisha akazima mashine, akabaki ameshika kiti.

Yule mama hakucheka. Alisema hakuja kugombana. Alikuja kwa sababu mume wake bado anakwenda kazini na jicho lililobaki, na kila akimkataza anamwonyesha stika. Kijana wa chuo kikuu amepima, anamwambia, wewe umepima nini? Kwa hiyo alitaka nimwonyeshe nilivyopima, aone kwa macho yake, arudi nyumbani akanyamaze au akapige kelele zaidi.

Ombi la haki kabisa. Nikawasha mashine kwa furaha ya mwalimu aliyepata mwanafunzi.

Nikaishika miwani chini ya kichwa cha mashine. Ile nukta nyekundu iliyokuwa mezani ikafa papo hapo. Nikaitoa miwani, nukta ikarudi. Nikairudisha, ikapotea tena. Nilimwambia nilifanya hivyo mara kumi kwa kila miwani, na daftari langu lipo, akitaka nilete.

Alitazama. Akatazama tena. Halafu akauliza swali ambalo sijalisahau hadi leo.

"Huo mwekundu ndio unaochonga?"

Nikaitazama nukta.

"Kwa sababu mume wangu aliniambia huo ni wa kuonyesha tu mahali herufi zitakapoangukia. Unaochonga hauonekani. Au nilimwelewa vibaya?"

Hakumwelewa vibaya.

Mashine zetu zina mianga miwili, ndugu zangu. Mwekundu ni kama kidole kinachoonyesha: anza hapa, ishia pale. Mwale wenyewe, unaokula rangi na chuma, jicho la mwanadamu haliuoni. Na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa jicho halijifumbi kwa kitu lisichokiona. Kioo kinachozuia mwanga wa aina moja kinaweza kuupitisha wa aina nyingine kana kwamba hakipo. Niliwahi kuulizwa hilo kwenye mtihani. Nilijibu kurasa mbili, nikapata alama zote.

Lakini katika karakana yetu ile nukta nyekundu ndiyo watu wanaiita leza. Jihadhari na leza, wanasema, wakiinyooshea kidole. Nilikaa nao wiki moja tu, nikaanza kuiita hivyo nami. Siku ya kupima nikaipima hiyo.

"Ngoja," nikamwambia yule mama.

Nilichukua kibati cheusi, kile ambacho leza ikikipiga rangi inabanduka na maandishi yanatokea meupe. Nikakiweka ndani ya mashine. Nikang'oa kioo kimoja cha ile miwani, nikakiegemeza juu ya kibati kwa vipande viwili vya mbao. Nikafunga mfuniko vizuri, nikawaomba wote wawili wasogee nje ya mlango, nikabonyeza kitufe nikiwa nimegeukia ukuta.

Kazi iliyokuwa kwenye kompyuta ilikuwa ya mwalimu mmoja anayestaafu. Mashine ikavuma kwa sekunde kumi na kitu, ikanyamaza.

Nikafungua. Kioo kilikuwa safi. Hakina mkwaruzo, hakina moshi, hakina hata joto la kusema. Nikakiinua.

Chini yake, juu ya kibati, palikuwa pameandikwa kwa weupe wa maziwa: KWA SHUKRANI.

Mwale ulikuwa umepita kwenye kioo changu kama mtu anavyopita kwenye mlango ulioachwa wazi.

Nilimpa yule mama kibati. Alikisoma, akampa Mama mdogo. Nilitamani aniambie neno, hata tusi. Kumbe yeye alikuwa hanitazami mimi. Alikuwa anamtazama Mama mdogo.

Mama mdogo alikuwa amekishika kibati mbali kidogo na uso, ameinamisha shingo upande, anakitazama kwa pembe ya jicho kama kuku anayekagua punje.

"Dada," yule mama akasema polepole. "Na wewe pia?"

Mama mdogo akanyoosha shingo haraka. Akasema pia nini, shingo imemkaza tu, amelala vibaya.

"Mume wangu naye alilala vibaya mwezi mzima."

Nikachukua karatasi. Nilichora mistari ya kusimama na ya kulala mpaka ikawa viboksi vidogo vidogo, na katikati nikaweka nukta. Nikamwomba Mama mdogo afumbe jicho la kushoto, aitazame nukta, aniambie anaona nini.

Akafumba jicho, akainamia karatasi.

"Nukta ipi?" akauliza.

Nikakaa chini kwenye boksi la ngao.

Alijua. Wiki tatu alijua. Alianza kwa kuona doa la rangi ya zambarau kila akimaliza kazi, akadhani ni uchovu. Doa likakataa kuondoka. Akaanza kuzihesabu herufi kwa kidole kwa sababu macho yalikuwa yanaziruka. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alinijibu kama mtu anayeeleza kwa nini hakuongeza sukari kwenye chai.

"Ulikuwa na furaha sana na stika zako, baba. Nikasema labda ni uzee wangu. Kwa nini nikuharibie?"

Tajiri akaingia wakati huo huo, funguo za gari mkononi, akiulizia ngao ya mwalimu anayestaafu.

Yule mama akamweleza. Mimi nikamweleza. Tajiri akakigeuza kibati huku na huku, akafunga mlango wa mbele, akaanza kusema kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto. Alisema fundi yule huenda ana sukari, sukari nayo hula macho. Alisema Mama mdogo ametimiza umri wa miwani ya kusomea. Alisema tusitiane hofu. Halafu akaichukua ile miwani yenye jicho moja, akasoma stika kana kwamba anaiona kwa mara ya kwanza, akaniuliza kwa upole saini hiyo ni ya nani.

Nikasema ni yangu.

Akasema basi. Yeye alileta miwani, hakuandika chochote. Kama ni hivyo, tubandue stika zote, watu wavae wakitaka, wasipotaka waache, na asiwepo wa kumuuliza mwenzake.

Nilimwambia haitoshi kubandua. Aliyeambiwa ni salama lazima aambiwe si salama, na aambiwe na yule yule. Nilidhani nimesema jambo zuri, kwa kuwa bado nilikuwa naamini kwamba ukisema jambo zuri watu hulitazama. Tajiri akanijibu kwamba hiyo ni sawa kabisa, nikatafute mahali pengine pa kuwa mwaminifu.

Ndivyo kazi yangu ya kwanza ilivyokwisha, ndugu zangu. Nilikuwa na miezi miwili na siku tisa.

Nikaandika stika mpya palepale, nikazibandika juu ya zile za zamani kwenye kila miwani iliyokuwa chumbani: "Haikingi. Nilikosea kupima." Saini ile ile yenye mkia. Nyingine tatu nikampa yule mama. Alisema mafundi wale wawili anawajua, atapitia kwao kabla hajafika kwake. Kibati akakitia kifuani.

"Hiki nakichukua. Mume wangu maneno hayasikii, lakini maandishi anayaheshimu."

Mlangoni nikamwomba msamaha. Akasema nimpeleke dada yangu hospitali leo, si kesho.

"Ni mama yangu," nikamwambia.

"Basi ndio umpeleke mbio."

Angenitukana ningepumua.

Kliniki ya macho ilikuwa imejaa. Tulikaa kwenye benchi refu la mbao, chini ya feni isiyozunguka, tukisogea kidogo kidogo kila mtu wa mbele alipoitwa. Mama mdogo alikuwa anatania. Alisema heri tumekuja, maana kwa jicho la kulia sura yangu haionekani na hajawahi kuniona nikiwa mzuri hivyo. Mzee mmoja wa jirani akacheka mpaka akakohoa. Mimi nilicheka kwa mdomo tu.

Kisha akanishika mkono, akaniwekea kiganja changu kwenye paja lake kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa naogopa sindano.

Akasema humo ndani mimi na daktari tutaongea lugha yetu ya kisomi, naye ataachwa akitazama ukuta. Hilo hana shida nalo. Ila tukitoka, akiniuliza, nimjibu.

"Nilivyoelewa. Usinipunguzie hata kidogo. Watu wakimhurumia mtu wanampunguzia, halafu anaishi na nusu ya habari."

"Sawa, Mama mdogo."

"Sema naahidi."

"Naahidi."

"Si kwa digrii. Kwa kinywa chako."

"Naahidi kwa kinywa changu."

Daktari alikuwa mwanamke kijana, macho yamemchoka. Alimtia Mama mdogo matone, akamtazama ndani ya jicho kwa kifaa chake, akapiga picha, akamuuliza maswali. Mashine ina mfuniko? Inao. Huwa unaufunga? Mama mdogo akasema zamani hakuna siku aliyofanya kazi bila kuufunga, hata kama alichelewa. Ila tangu waletewe miwani aliacha, kwa sababu miwani ilikuwa imepimwa, na ukiacha wazi unaona herufi inavyotoka, kazi inakwenda.

Daktari akaandika. Hakuniangalia. Nilikuwa nimemwambia mlangoni mimi ni nani na nilifanya nini.

Akamtuma Mama mdogo akasubiri kwenye benchi mpaka matone yaishe nguvu. Mimi akanibakiza.

Picha kwenye kompyuta ilikuwa ya mviringo, ya rangi ya chungwa, yenye mishipa kama mizizi. Katikati kabisa, mahali ambapo jicho linasomea na kumtambulia mtu, palikuwa na alama ndogo iliyopauka. Ndogo mno. Hilo la kulia, alisema, ni kovu. Hakuna dawa, hakuna upasuaji. Kitakachobadilika ni yeye kuzoea.

Nikamuuliza kuhusu la kushoto. Mama mdogo hakulalamikia la kushoto.

Akabonyeza, ikaja picha ya pili. Alama ilikuwa hapo pia, pembeni kidogo ya katikati, changa kuliko ile ya kwanza. Alisema bado haijala mahali pa kusomea, na kama hataingia tena mbele ya ule mwale huenda ikaishia hapo. Huenda. Hakuahidi. Herufi ndogo ndogo za vibati hivyo, alisema, asizitegemee tena.

Halafu akashusha sauti. Alisema mgonjwa ameshapokea mengi kwa siku moja. Wiki ijayo akirudi atamweleza mwenyewe taratibu. Kwa leo inatosha aambiwe apumzishe macho.

Nilimshukuru sana. Ndugu zangu, niliuona mlango. Nilitoka humo nikiwa na ruhusa ya daktari mfukoni.

Mama mdogo alikuwa amekaa pale pale, mboni zimepanuka kwa matone, anatabasamu upande ambao alidhani nitatokea. Nikakaa. Akautafuta mkono wangu, akaushika kwa mikono yote miwili.

"Haya. La kulia?"

"Halitarudi. Ni kovu."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei aliyoitarajia. Akasema si neno, kuna watu wanaishi na moja. La kushoto ni zima, alilitunza bila kujua. Akaanza kupanga. Atamwomba Tajiri ampunguzie kazi za herufi ndogo, zile kubwa ataendelea nazo. Atakuwa anafunga mfuniko. Na mimi nitapata kazi nyingine tu, nisikate tamaa, mtu hajifunzi kuendesha baiskeli bila kuchubuka.

Aliongea kwa matumaini yale yale aliyonisomeshea.

Kisha akanigeukia. "La kushoto ni zima, si ndiyo?"

Kinywa changu kilikuwa na neno tayari. Ni neno nililoliandika kwenye kila stika, herufi sita tu, na safari hii daktari mwenyewe angeniunga mkono.

"Si zima, Mama mdogo. Lina alama pia. Ndogo. Anasema usiingie tena mbele ya mashine hata siku moja, na herufi ndogo usizitegemee tena."

Mikono yake haikusogea. Muuguzi akapita na sinia la chupa. Mtu mmoja mbele yetu akaitwa, akainuka, benchi likatikisika.

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Nilijua anatafuta kitu. Ninamjua akitafuta kitu, anasugua kidole gumba juu ya kidole cha shahada. Nikaomba asikipate.

"Na kama ningeendelea kufunga mfuniko," akasema, "kama zamani, kabla ya miwani. Haya macho yangekuwaje?"

Kwa maswali mengine yote nilikuwa nimemjibu habari za macho yake. Hili lilikuwa linaniuliza mimi. Nilitazama huku na huku kama mtu anayetafuta mtu mzima wa kumsaidia. Yule mzee aliyekuwa anacheka alikuwa ameshaondoka. Mlango wa daktari ulikuwa umefungwa.

"Yangekuwa mazima," nikasema. "Yote mawili."

Akatikisa kichwa taratibu, mara mbili, mara tatu. Halafu akaachia mkono wangu. Hakuutupa. Aliuinua kutoka kwenye paja lake, akauweka juu ya goti langu kwa uangalifu, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima.

Daktari akafungua mlango, akamwita achukue tarehe ya kurudi. Nikainuka nimshike.

"Kaa," akanambia.

Akasimama peke yake, akanyoosha mkono mbele, akaanza kuupapasa ukuta kuelekea mlangoni.